Filamu ya Jumapili Jioni

Mutonguni, Kitui
20 Februari 1989

Kwa dada yangu Mutindi,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tunaamka, tunalima, tunalala; zaidi ya hapo sitakudanganya. Kaluki wangu anakusalimu. Kijana wetu Kivuva amerudi shuleni Machakos na malalamiko yake ya kila muhula. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, na mimi magoti bado yananisumbua nikishuka mtoni.

Naandika Kiswahili ili shemeji Waithaka naye asome, maana televisheni ilikuwa yake kabla ya kuwa yetu. Mwambie ilifika salama juu ya basi, ndani ya lile blanketi. Antena tumeifunga kwa mti mrefu nyuma ya jiko. Upepo ukivuma picha inajaa madoa kama mvua, mtu anatoka nje kuigeuza, na walio ndani wanampigia kelele: sasa, hapana, rudisha, hapo hapo.

Shida ni betri. Naipeleka kuchajiwa Kabati kwa mwenye kinu cha kusaga, nimeifunga kwa baiskeli, na haimalizi wiki. Hatuwezi kuangalia kila kitu kama ninyi wenye stima. Majirani wanataka mieleka, wazee wa kanisa wanataka kwaya, Kaluki anasema yeye hana neno, atatazama kitakachokuwepo. Wewe una televisheni hapo hotelini miaka mingi. Niambie ni vipindi gani vya maana, ili tusimalize betri kwa upuzi.

Ni mimi ndugu yako,
Kiilu


Emali
14 Machi 1989

Kwa ndugu yangu mkubwa Kiilu,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na huyo ndama mumlinde na kupe. Hapa tuko. Watoto wana mafua. Waithaka mgongo umemshika tangu alipoinua gunia la mahindi peke yake kama kijana, lakini bado anakataa kuitwa mzee. Malori yanaingia mchana kutwa na mimi niko jikoni au kwa kaunta.

Sasa vipindi. Jumanne kuna mchezo wa yule mwenye nyumba bahili na wapangaji wake. Washa huo. Wiki jana alikwenda kupima maji ya kuoga ya kila mpangaji kwa kikombe, hoteli yote ikasahau kula. Alhamisi ni ule mchezo wa nesi aliyepelekwa hospitali ndogo mashambani. Unaenda polepole lakini una mambo. Wazungu wa Ijumaa wanaooana na kuachana, achana nao, wazee wa kanisa watakuita kikao. Mieleka Waithaka anaiamini kama Injili. Mimi nasema wale watu wamepatana kabla ya kuingia.

Halafu Jumapili jioni kuna zile filamu za mambo ya kweli. Hizo ndizo ninazozipenda. Zinafundisha. Wameonyesha za reli, za samaki, na mwezi uliopita walitoa moja ya ukame wa '84 huko kwetu Kitui. Nadhani niliona mto wenu, wanawake wakichimba maji mchangani, na mtoto wa kike akipanda na mtungi. Sikuona vizuri, mteja aliita chai. Huwa wanazirudia. Wakiirudia hiyo msiikose, huenda mkaona watu mnaowajua.

Salimia Kaluki sana.

Dada yako,
Mutindi


Mutonguni
28 Mei 1989

Dada Mutindi,

Usinihesabie ukimya. Palizi ilituchukua, kisha homa ikanichukua. Kaluki ni mzima. Mvua ilianza vizuri, ikasita, sasa mahindi yamesimama kama watu wanaongoja basi. Ndengu zitatupa kitu.

Yule mwenye nyumba ametufaa. Kaluki alicheka mpaka akashika mlango, na ni siku nyingi sijasikia hivyo. Nesi naye tunamfuata, ingawa Jumatano nzima Kaluki anabishana na mambo aliyoyaona Alhamisi iliyopita. Mieleka niko upande wako. Mtu akipigwa kiti kichwani hainuki kufunga kamba ya kiatu.

Filamu za Jumapili hatuangalii. Siku hiyo betri huwa imechoka, na sisi pia.

Waithaka apake mgongo mafuta ya moto.

Kiilu


Emali
3 Julai 1989

Ndugu yangu Kiilu,

Nakusalimu. Watoto wamepona mafua. Waithaka anatembea ameegemea upande mmoja lakini anatembea. Hayo ndiyo ya nyumba.

Kaluki yuko hapa. Alishuka basi Jumamosi na kikapu kimoja, bila barua yako. Nilishtuka, nikamuuliza, "Kuna matanga?"

"Hakuna."

"Mmegombana?"

"Kiilu hagombani," akasema, akavua viatu akaingia jikoni kuchambua ndengu.

Ilinichukua siku mbili kumtoa neno. Anasema Jumapili moja mlikuwa mmekaa na majirani. Filamu ikaanza, sauti ikataja Kitui na ukame, akavuta kiti mbele. Ukainuka, ukachomoa waya, ukasema betri imeisha. Majirani wakaaga. Yeye alijua betri ilikuwa imetoka Kabati jana yake. Alingoja useme kitu. Ulikwenda kufunga ng'ombe. Kesho yake ukasema habari za ng'ombe.

Kumbe Nthenya wenu yumo ndani ya hiyo filamu. Mimi sikujua. Mwaka ule nilikuja kumzika tu, na mtoto mchanga mgongoni, nikarudi. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla surua haijamchukua, watu wa kamera walikuja mtoni wakampiga picha akipanda na maji. Kaluki ameniambia sasa. Ameniambia pia kwamba hamna picha yake hata moja, hata ya ubatizo. Mtoto wa miaka saba, na amebaki ndani ya filamu hiyo peke yake.

Na mimi nilimwona. Nilikuandikia kwa mkono wangu: mtoto wa kike akipanda na mtungi. Nilimwona mtoto wa ndugu yangu nikageuka kumimina chai.

Kaluki anasema atakaa hapa mpaka wairudie. Simfukuzi, hapa ni kwake. Lakini wewe ndiwe mume wake. Niandikie, na uandike ya kweli.

Mutindi


Mutonguni
19 Julai 1989

Mutindi,

Salamu kwa wote. Kivuva amefunga shule, anamuulizia mama yake, nimemwambia amekwenda kukusaidia kazi.

Umetaka ya kweli. Ya kweli ni haya. Sanduku lile nililitengeneza mimi kwa mbao za mlango wa zizi, na kaburi nililichimba mimi na Musembi wa ng'ambo ya mto, kwa sababu vijana wote walikuwa wamekwenda kutafuta chakula. Ilikuwa njaa ile ya Nikw'a Ngwete, mtu anakufa na pesa mkononi kwa sababu hakuna cha kununua. Hata wachimba kaburi hakuna. Nilimzika mtoto wangu nikamaliza. Sasa unaniambia nikae kwa kiti, na majirani wanakula njugu, nimwone akitembea, halafu apite, halafu ije habari ya soko la hisa. Nimzike mara ngapi?

Kaluki anaona ni kumpata. Mimi naona ni kumpoteza tena kila watu wa Nairobi wanapotaka. Sikumwambia hivyo kwa sababu sikuwa na maneno haya. Nimeyatafuta wiki mbili ndipo nikakuandikia.

Mwache akae. Mwambie kuku wake wanataga.

Kiilu


Emali
27 Agosti 1989

Ndugu yangu,

Tumepata barua yako, nami nilimsomea Kaluki kipande cha kuku peke yake, kwa sababu hicho kingine ni juu yako kumwambia. Waithaka alisoma yote. Kisha alikwenda nje akasimama na madereva.

Kaluki ni mzima. Anaamka mapema, anapika muthokoi wa mahindi na kunde mpaka madereva wa Mombasa wanaulizia. Jioni anakaa kwenye kiti cha pembeni, chini ya televisheni, shingo imeinuka. Haangalii Jumapili tu. Anaangalia vyote, kwa sababu anasema ratiba ya gazeti haiaminiki na huenda wakaipenyeza siku nyingine. Tuliandika Nairobi kuuliza watairudia lini. Hatujajibiwa, na sijui hata barua kama yetu ingefika meza ya nani.

Amekuwa na maoni kuliko mchungaji. Nesi wa Alhamisi amemkataa kabisa: "Nesi gani anaingia wodini na hereni kama vikombe? Mtoto mchanga akizivuta je?" Yule mwenye nyumba bahili naye hamchekeshi tena, tangu alipomtoa mjane nje na vyombo vyake. Anasema kama ni kuchekesha wangemtoa mwanamume. Mieleka ndiyo imemshika, usiniulize kwa nini. Yeye na Waithaka wanakaa pamoja wanashauriana nani ataanguka.

Jumapili iliyopita walitoa ya ndovu wa Tsavo. Ndovu mmoja alifiwa na mtoto wake, akasimama hapo juu yake, anamgusa kwa mkonga, na watu wa kamera wakasimama mbali wakingoja. Kaluki akasema polepole, "Tazama wanavyomngojea. Hakuna anayemwambia aende akapike."

Hoteli ilikuwa imejaa. Nilijifanya nafuta meza.

Nimechoka, Kiilu. Si kwa ajili yake, ananisaidia kuliko wafanyakazi. Nimechoka kukaa katikati yenu kama kizingiti, kila mtu ananikanyaga akipita.

Mutindi


Mutonguni
17 Septemba 1989

Dada,

Tuko. Jua ni kali. Ndama amekua. Kivuva amerudi shule.

Nimejifunza kupika chai isiyonuka moshi. Televisheni siwashi sana. Majirani wamekuwa wakija, wanasimama kidogo mlangoni, wanaona nimekaa gizani, wanasema wamekuja kunijulia hali. Kanisani wameuliza Kaluki yuko wapi na nimejibu vile nilivyomjibu Kivuva.

Simshurutishi arudi. Lakini mvua ya Novemba haiko mbali na shamba la chini siwezi kulilima peke yangu na haya magoti.

Hilo la shamba ni kweli, lakini si hilo tu. Wewe unajua.

Kiilu


Emali
10 Oktoba 1989

Ndugu yangu Kiilu,

Salamu kwa ufupi, leo sina nguvu ya kuandika.

Alhamisi transfoma ya hapa iliungua. Emali yote ikabaki bila stima. Tuliambiwa Jumamosi itarudi, tukaambiwa Jumapili asubuhi. Jumapili jioni Kaluki alivaa nguo yake ya kanisa akakaa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, akingoja. Waithaka alikwenda kuomba nafasi kwa kituo cha mafuta chenye jenereta, lakini hawana televisheni, wana redio tu. Tukalala.

Jana mchana dereva mmoja wa kwetu, Ndeti, aliingia kula. Anamjua Kaluki. Akasema kwa furaha kabisa, "Mama, nimeona kwenu jana kwa televisheni Athi River. Ile filamu ya njaa. Mto ule ule."

Kaluki alikuwa ameshika sahani zake. Aliziweka mezani. Akamuuliza, "Uliona mtoto?" Ndeti akasema kulikuwa na watoto wengi. Kaluki akaenda nyuma, akakaa juu ya magunia, na mpaka sasa hajalia. Ningependa alie.

Sijui kama wewe uliwasha. Najua hukuwasha. Nauliza tu.

Mutindi


Mutonguni
18 Oktoba 1989

Mutindi, na Kaluki,

Barua hii msomee yote, usimkatie kipande.

Niliwasha.

Sikuwasha kwa ajili ya filamu. Nyumba ilikuwa kimya nikataka kusikia watu. Sauti ikaanza na Kitui, kama siku ile. Mkono wangu ulikuwa tayari kwa waya. Nikafikiria Kaluki amekaa hapo Emali, shingo imeinuka, dakika hiyo hiyo. Nikasema kama yeye anaiangalia, na mimi nitaiangalia naye. Nikaacha waya. Kesho yake niliandika barua ya kumuuliza kama ameona nilichokiona, na kabla sijaituma ikafika yako ya transfoma. Kumbe nilikuwa peke yangu. Ile barua nimeichana. Sasa nitaeleza, na Kaluki, unisamehe nikiacha kitu, mimi si mtu wa kueleza.

Inaanza na barabara na vumbi. Halafu ng'ombe waliokufa, hao unawakumbuka. Halafu mto wetu, pale kwenye jiwe la kufulia. Wanawake wako ndani ya mashimo, mtu haonekani, unaona mchanga tu ukirushwa nje. Kisha Nthenya anapanda.

Amevaa nguo ya shule, ile uliyomwongezea kitambaa chini alipokuwa anarefuka. Kwa televisheni yetu kila kitu ni kijivu lakini mshono wako unaonekana. Ni ule mtungi mdogo wa manjano. Mkanda wa kuubebea uko kwenye paji la uso, mikono ameirudisha nyuma kuushika, na anatembea akikwepa mawe bila kuyaangalia. Alikuwa anaijua njia ile. Anapanda anakuja mpaka uso unajaa kioo. Nilisogeza kiti nyuma, kana kwamba atanigonga.

Anasimama. Kuna mtu haonekani anayemuuliza kitu. Nthenya anafungua mdomo anajibu, na nilisikia neno la kwanza. Alisema, "Mwaitu." Mama. Baada ya hapo yule mwanamume anayesoma maneno akaja na sauti yake juu ya sauti ya mtoto, akisema hawa ni watu waliokaa wakingoja msaada. Walikuwa wamekaa wapi? Nyuma yake wanawake wote wanachimba. Lakini mdomo wa Nthenya unaendelea, na mkono mmoja ameutoa kwenye mkanda ananyoosha kule chini shimoni. Nafikiri aliulizwa mama yako yuko wapi.

Na pale anapoonyesha ni wewe, Kaluki. Umetoka nusu nje ya shimo na kibuyu mkononi, unawatazama wale watu wa kamera kama unataka kuwatupia. Nthenya akageuka akakuona hivyo. Akacheka. Lile jino la mbele lilikuwa limetoka, la pili halijaota. Jino hilo nilikuwa nimelisahau. Miaka hii yote nimekuwa nikimwona kitandani tu, macho yamefumba, ngozi ina moto. Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuwa mzima.

Akashika mkanda tena, akapita. Ikaja picha ya malori ya mahindi ya manjano. Si muda mrefu, Kaluki. Mtu akienda kuchukua chumvi akirudi anakuta amepita. Niliendelea kukaa mpaka habari, mpaka wimbo wa taifa, na betri ikaisha yenyewe.

Nilisema ni kumzika tena. Haikuwa hivyo. Sijui ilikuwa nini, lakini haikuwa hivyo.

Kiilu


Emali
26 Oktoba 1989

Kwa ndugu yangu Kiilu,

Stima imerudi, watoto ni wazima, Waithaka amenyooka kidogo. Nayasema haraka ili nifike kwa lingine.

Nilimsomea jikoni, mlango umefungwa, madereva wakagonga kuomba chai Waithaka akawaambia leo hakuna chai. Nilipofika kwa ule mshono akaniambia nisome tena. Nilipofika pale Nthenya anapoonyesha kwa mkono, akaniuliza, "Mimi niko ndani?" Nikasema Kiilu anasema uko. Akasema, "Sikujua kamera ilifika kwangu. Nilikuwa nawaambia wale watu wanamchelewesha mtoto na maji ni mazito."

Halafu alilia, Kiilu. Kwa muda mrefu, nikakaa naye. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso akaniuliza, "Ni yeye ameandika hivi? Kiilu?" Nikamwonyesha mwandiko wako. Akasema tangu mlipomzika hujawahi kulitaja jina la mtoto mbele yake, na hapo umeliandika kila mstari.

Nilimwambia filamu itarudiwa tena, akitaka angoje. Akafikiri. Akasema akiiona siku moja ni sawa, na asipoiona ni sawa, lakini kuna vitu ambavyo dereva wala gazeti hawawezi kumjibu. Ana maswali. Nilichukua kalamu niyaandike akanizuia.

Anapanda basi Jumamosi kurudi nyumbani kupitia Machakos. Amekataa nikutumie maswali yenyewe, na amesema wewe usimwandikie tena. Anataka umwambie kwa mdomo.

Dada yako,
Mutindi